Mgeni Siku Mbili: Msamaha wa Kodi kwa Walimu Wageni na Mwalimu Anayetamani Kukatwa

Utangulizi

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" tulifundishwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumekwisha kuifundisha. Aghalabu huelezwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Ukiitazama kwa makini, hata hivyo, utaona kwamba inamhusu mwenyeji zaidi kuliko mgeni. Inamwambia mwenyeji kwamba kumwondolea mgeni kazi ni ada njema, ila ada hiyo ina kipimo, na kipimo kikijaa ni yeye mwenyeji anayepaswa kulitoa jembe.

Methali hii ilinijia nilipoanza kusoma vifungu vya mikataba ya kodi vinavyowahusu walimu wanaokwenda kufundisha katika nchi zisizo zao. Wanasheria waliovitunga yamkini hawakuwahi kuisikia methali yetu, lakini waliafikiana nayo hata kwenye hesabu. Vingi vya vifungu hivyo humsamehe mwalimu mgeni kodi ya mapato kwa miaka miwili, kisha humkabidhi jembe.

Makala haya yanazungumzia msamaha huo. Dai langu ni kwamba msamaha wenyewe si dhambi, ila umefungwa mahali pasipofaa. Umefungwa kwenye pasipoti ya mwalimu, ilhali ungepaswa kufungwa kwenye kazi anayoifanya na kwenye haki ya kutendeana baina ya mataifa. Nitalitetea dai hili kwa kurejelea mikataba yenyewe, Katiba yetu ya mwaka wa 2010, na mambo machache niliyoyashuhudia nikiwa mwalimu katika mtaa wa Kawangware, Nairobi. Naamini kwamba suala hili linatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko tunavyodhani, maadamu wengi wetu tunatarajia siku moja kuwa walimu wageni ughaibuni.

Walimu wawili chini ya bati moja

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili nilifundisha kwa miaka miwili katika shule moja ya Kawangware, yenye kuta za mabati na sakafu ya saruji iliyopasuka. Ilikuwa mojawapo ya zile shule ambazo sera ya mwaka wa 2009 ilizitambua kuwa za elimu mbadala. Shule za aina hii ni nyingi Kawangware, na Kibera ni nyingi zaidi. Zilichipuka kwa sababu shule za umma hazitoshi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa Januari 2003, shule za umma zilizo kandokando ya Kibera, kama vile Olympic na Ayany, zilifurika wanafunzi, na waliokosa nafasi walibaki mikononi mwa wazazi, makanisa, misikiti na wahisani. Walimu wa shule hizi hawalipwi na TSC, tume inayowaajiri walimu wa umma. Hulipwa kwa karo ya wazazi, na wazazi wasipolipa, mwalimu naye hungoja.

Muhula mmoja tulimpokea mwalimu mgeni kutoka Ulaya, aliyeajiriwa katika mradi wa kuimarisha usomaji uliogharimiwa na serikali ya kwao. Alikuwa kijana mwenye bidii na heshima, na wanafunzi walimpenda. Aliwekwa katika darasa la mwalimu mwenzetu aliyekuwa amewafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa miaka kumi na mmoja. Mama huyo alikuwa akilipwa shilingi 9,000 kwa mwezi, katika miezi aliyolipwa.

Siku moja, wakati wa chai ya saa nne, mazungumzo yalifika kwenye mishahara. Mgeni wetu alisema bila kuficha kwamba mshahara wake haukatwi kodi hapa Kenya kwa kuwa serikali mbili zilikubaliana hivyo. Mama akatua kikombe chake, akasema, "Basi mimi na wewe ni sawa, Mwalimu. Hata mimi sikatwi." Tulicheka sote, na mgeni naye akacheka.

Wiki chache baadaye mama yule alikwenda katika chama cha akiba na mikopo kuomba pesa za kumpeleka mwanawe kidato cha kwanza. Aliambiwa alete hati za mshahara za miezi mitatu. Hakuwa nayo hata moja, kwani sisi tulilipwa fedha taslimu na kutia saini katika daftari la mwalimu mkuu. Alirudi shuleni akaketi kwenye dawati la nyuma wanafunzi wakiwa wamekwenda nyumbani. Nilipomuuliza ilikuwaje, alinijibu, "Mwalimu, mimi natamani nikatwe." Sijaweza kuisahau sentensi hiyo, na makala haya ni jaribio la kuifafanua.

Kodi ni nini Kibera na Kawangware?

Kwa kuwa tu wanafunzi wa lugha, hatuna budi kuanza na istilahi. Ukilitamka neno "kodi" katika vichochoro vya Kibera, msikilizaji hatafikiria serikali. Atamfikiria mwenye nyumba. Kodi ni pesa za chumba, zinazodaiwa mwisho wa mwezi na ambazo zisipolipwa mlango hutiwa kufuli. Zile zinazokwenda serikalini huitwa ushuru, na ushuru kwa mwenye kibanda ni yule askari wa kaunti anayepita sokoni. Kodi ya mapato, ile inayokatwa mshaharani kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi, haina jina la kila siku katika mitaa hii kwa sababu ni wachache wanaokutana nayo.

Kwa mujibu wa sheria ilivyo sasa, mtu anayepokea shilingi 24,000 au chini ya hapo kwa mwezi halipi kodi ya mapato, kwa kuwa nafuu ya shilingi 2,400 anayopewa kila mlipaji huimeza asilimia 10 ambayo angetozwa. Akipanda juu ya hapo, shilingi 8,333 zinazofuata hukatwa asilimia 25, na zaidi ya shilingi 32,333 hukatwa asilimia 30 mpaka afikie nusu milioni. Hivyo basi, mwalimu wa TSC katika shule ya umma ya Kawangware au Gatina hukatwa kila mwezi. Mwalimu wa shilingi 9,000, aliye mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, hakatwi. Mgeni anayelipwa mara nyingi zaidi ya hao wawili pia hakatwi.

Hata hivyo, si kweli kwamba mwalimu wa mtaani halipi chochote. Ushuru wa ziada ya thamani, ambao wengi huuita VAT, ni asilimia 16, na haumwulizi mnunuzi anapata kiasi gani. Mwalimu huyo huulipa anaponunua sabuni, mafuta ya kujipaka na muda wa maongezi wa simu. Akimtumia mama yake pesa kwa simu, ndani ya ada anayotozwa mna ushuru wa serikali. Kwa kuwa kipato chake chote huishia dukani, sehemu kubwa ya kipato hicho hupitia kwenye ushuru kuliko ya yule anayeweza kuweka akiba. Analipa bila kupewa risiti ya kumtambulisha kuwa mlipaji, na hapo ndipo ninapoona kiini cha malalamiko ya mwenzangu. Kukatwa kodi ni kujulikana. Anayekatwa huwa na hati ya mshahara, na kwa hati hiyo hukopa, huweka akiba ya uzeeni, na huweza kumdai mwajiri mbele ya sheria. Asiyejulikana hana mlango wa kugonga.

Uenyeji wa Kibera una historia ndefu ya jambo hili. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza, na jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wajukuu wa askari hao waliishi pale kwa vizazi kadhaa wakihesabiwa wageni, mpaka walipopewa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288 mwaka wa 2017. Walikuwa wenyeji tangu awali, ila karatasi ndiyo iliyochelewa. Mwalimu wa shule ya mabati yumo katika hali hiyo hiyo, kwani hajaandikwa popote kama mwenyeji wa kazi yake.

Mikataba yasemaje?

Msamaha wa kodi kwa walimu wageni umeenea katika mikataba ya nchi mbilimbili ya kuzuia mapato yasitozwe kodi mara mbili. Marekani ni mfano mzuri kwa kuwa hupokea walimu wengi wa kigeni, wakiwamo wa shule za umma. Mikataba yake na India, Misri, Ufilipino na Jamaika ina vifungu vinavyomsamehe mwalimu mgeni kodi ya mapato ya kufundisha kwa miaka miwili. Mkataba wake na Uchina, uliotiwa saini mwaka wa 1984, ni mkarimu zaidi, kwani hutoa miaka mitatu. Kwa jumla masharti hufanana. Mwalimu awe alikuwa mkazi wa nchi ya pili muda mfupi kabla ya kuwasili, aje kufundisha katika taasisi inayotambulika, na ukaaji wake uwe wa muda. Katika baadhi ya mikataba jembe ni zito, kwa sababu mwalimu anayekaa kupita muda uliowekwa hupoteza msamaha tangu siku ya kwanza, akadaiwa hata kodi ya ile miaka miwili.

Kenya haina mkataba wa aina hiyo na Marekani. Maana yake ni nini? Tuchukue mfano wa karibu nasi. Mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha umewapeleka vijana wa Kenya kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa miaka mingi, na humo humo hupelekwa vijana wa Misri kufundisha Kiarabu. Wakikaa ofisi moja na kufanya kazi ileile, kijana wa Cairo anaweza kudai msamaha kwa kutaja kifungu. Kijana wa Nairobi hana kifungu cha kutaja. Vivyo hivyo, mwalimu Mfilipino na mwalimu Mkenya walioajiriwa na shule moja ya umma huko hawarudi nyumbani na kiasi kimoja, hata kama mkataba wao wa ajira ni mmoja.

Nyumbani nako sheria yetu ina mlango wake. Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, huorodhesha mapato yasiyotozwa kodi. Miongoni mwayo ni mapato ya mtu asiye mkazi aliyeajiriwa katika mradi unaogharimiwa kwa ruzuku ya asilimia 100 chini ya mapatano ya Serikali na mfadhili, kwa kadiri mapatano hayo yanavyoeleza. Hivyo, mgeni wa nchi inayotoa ruzuku anaweza kufundisha Kawangware bila kukatwa, ilhali Mkenya anayekwenda kufundisha katika nchi hiyo hiyo hana hakika ya kutendewa vivyo. Wahenga walisema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa mgeni amekuja, lakini kupona kwa mwenyeji hakujaandikwa mahali popote katika mapatano.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja tatu ambazo nimezisikia kutoka kwa wenzangu, na ni haki kuzijibu.

Ya kwanza ni kwamba tukimtoza mgeni kodi hatakuja, na atakayeumia ni mtoto wa Kibera. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana sipendekezi msamaha ufutwe. Mgeni wetu aliwasaidia watoto, na nilijifunza kwake mbinu za kufundisha silabi ambazo ninazitumia hadi leo. Lakini hoja yenyewe inakubali kwamba msamaha ni malipo kwa faida fulani. Ikiwa ni malipo, basi faida hiyo itajwe na ipimwe. Mgeni wetu aliondoka mwisho wa muhula. Vitabu alivyoleta vilibaki, na mwalimu aliyebaki navyo alikuwa yule yule wa shilingi 9,000.

Ya pili ni kwamba wanaohusika ni wachache mno kiasi cha kutolitikisa hazina ya taifa. Huenda ni kweli. Hata hivyo, haki ya kodi haipimwi kwa wingi wa pesa pekee. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 210 kinasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa wala kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria, na kwamba kila msamaha uwekwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, kisha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba yenyewe, basi, haidharau msamaha hata uwe mdogo namna gani. Isitoshe, nchi iliyotikiswa na maandamano ya vijana mwezi Juni 2024 kuhusu Mswada wa Fedha haiwezi kujiambia kwamba wananchi hawajali nani anatozwa na nani anaachwa.

Ya tatu ni kwamba walimu wa shule za mtaani baadhi yao hawana vyeti, hivyo hawawezi kulinganishwa na mgeni aliyesomea kazi. Ni kweli kwamba baadhi hawana. Wengine wanavyo, na wamesajiliwa, na wanangoja nafasi za TSC mwaka baada ya mwaka. Kuwaweka wote katika kapu moja ni kukwepa swali. Na hata yule asiye na cheti ndiye aliyesimama mbele ya watoto ambao Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Darasa lilipoporomoka Ngando, si mbali na Kawangware, tarehe 23 Septemba 2019 na kuwaua watoto, taifa zima lilikumbuka kwa siku chache kwamba shule hizi zipo. Walimu waliokuwamo walikuwapo kabla ya siku hiyo, na wenzao wangalipo.

Mapendekezo

Kwanza, Kenya inapojadiliana kuhusu mikataba ya kodi, kifungu cha walimu kiwe miongoni mwa mambo ya mwanzo kudaiwa, na kidaiwe kwa pande zote mbili. Nchi inayotaka walimu wake wasamehewe Kibera iwasamehe wa Kibera wakifundisha kwao. Kiswahili kimetupa nguvu katika mazungumzo hayo. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka wa 2022, UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai, na shule za Afrika Kusini zilifunguliwa mlango wa kukifundisha kama somo la hiari kuanzia mwaka wa 2020. Walimu wetu watahitajika ughaibuni. Ni aibu tuwatume bila kifungu hata kimoja mfukoni.

Pili, msamaha unaotolewa hapa nyumbani ufungwe kwenye kazi. Mapatano yanayomsamehe mwalimu mgeni yaseme atafundisha wapi, kwa muda gani, na ni mwenyeji yupi atakayeachiwa ujuzi huo. Methali yetu ikubalike kisheria, kwamba siku mbili ziwe na mwisho na jembe liandaliwe mapema.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, sehemu ya ruzuku inayoandamana na walimu wageni itumike kuwaajiri rasmi walimu wenyeji wa shule za elimu mbadala waliosajiliwa, na kuwafunza wale ambao hawajasajiliwa. Waajiriwe kwa barua, walipwe kupitia benki, wapewe hati za mshahara. Mshahara wao ukivuka shilingi 24,000, wakatwe kodi kama mwalimu wa Gatina. Wengi wataona ajabu kudai kwamba maskini akatwe kodi. Mimi nadai apandishwe mpaka afikie mahali pa kukatwa.

Nne, kuna kazi yetu sisi wenyewe katika chama hiki. Mikataba ya kodi niliyoisoma mimi yote iliandikwa kwa Kiingereza, na lugha yake ni ngumu hata kwa aliyesoma. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Tunaandika tasnifu nyingi kuhusu tafsiri na istilahi. Tungeweza kuvitafsiri vifungu vinavyowahusu walimu, tukavichapisha katika jarida hili, na mwanafunzi anayejiandaa kwenda kufundisha Kiswahili ng'ambo akajua haki anayokwenda nayo na ile asiyokuwa nayo kabla hajapanda ndege.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba msamaha wa kodi kwa walimu wageni ni ada ya ukarimu iliyo na mantiki yake, lakini kwamba mantiki hiyo huvunjika pale mgeni anapopewa kwa sababu ya utaifa wake kile ambacho mwenyeji hapewi kwa kazi yake, na pale nchi moja inapotoa bila kupokea. Walimu wawili walikunywa chai pamoja Kawangware, na wote wawili hawakuwa wakikatwa. Mmoja alisamehewa na serikali mbili zilizokaa zikaandikiana. Mwingine hakuwa amesamehewa na yeyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwandika.

Mwanawe yule mama alichelewa kuingia kidato cha kwanza kwa muhula mmoja, hadi wazazi wa darasa lake walipochanga. Nilipopita shuleni hivi majuzi nilimkuta bado anafundisha darasa la kwanza, kwa vile vitabu alivyoviacha mgeni. Nilimweleza kwamba ninaandika kuhusu lile neno lake la kutamani kukatwa. Aliniuliza kama wakubwa wanalisoma jarida letu. Nikamwambia kwamba linasomwa na wahadhiri na wanafunzi, na kwamba baadhi ya wanafunzi hao siku moja watakaa kwenye meza za kuandikia mikataba. Akasema, "Basi liandike vizuri."